Kiti cha nyuma kikitoka, mzigo uingie kwa hesabu

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mabawa na maeneo mengine ya Tanga, wanaoleta machungwa kutoka Muheza au viazi na mboga kutoka Lushoto, hukabiliwa na swali moja: waendelee kukodi pikapu kila siku ya soko, au wang'oe kiti cha nyuma cha gari dogo na kuligeuza kuwa la mizigo? Jibu linategemea uzito zaidi kuliko nafasi.

Mfano mzuri ni Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002. Toleo lake la vani lilipangiwa na kiwanda kubeba kilo 400 likiwa na watu 2, au kilo 250 likiwa na watu 5. Kwa maneno mengine, kila abiria anayeongezeka anakula kilo 50 za mzigo. Kiti chake cha nyuma hukunjwa kikalala, hivyo hakuna haja ya kukitoa. Magari ya saluni hayakuundwa kwa kazi hiyo. Kiti kikitoka nafasi inaongezeka, lakini springi, breki na matairi ni yale yale.

Hapo ndipo wengi hukosea. Gunia la mazao linaloruhusiwa kisheria halizidi kilo 100, hivyo magunia 4 yanamaliza uwezo wa vani hiyo. Yakiwa ya lumbesa, gari limekwisha kuzidiwa kabla ya kupakia tenga moja la nyanya. Gari lililolemewa nyuma huinua pua: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, taa zinawapiga machoni wanaokuja, na breki zinachelewa kulisimamisha. Katika barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo, inayoteremka karibu mita 1,000 kwa kona nyingi, breki zikipata moto hasara haitaishia kwenye viazi.

Kwa anayeamua kugeuza gari, kazi yenyewe si ngumu. Kiti hufunguliwa bolti, kisha hutandazwa plaiwudi nene juu ya fremu inayokaa sawa na sakafu ya buti. Tahadhari kubwa ni kutoboa au kuchomelea bila kuchungulia chini, kwa kuwa katika magari mengi madogo tangi la mafuta liko chini ya kiti hicho. Nyuma ya dereva huwekwa wavu wa chuma, ili gari likifunga breki ghafla mzigo usimfuate. Mizigo mizito ikae chini na mbele, karibu na wavu, na ifungwe kamba.

Wauza samaki waongeze karai la bati lenye kingo, kwani maji ya chumvi yakipenya chini ya mbao bodi huoza kimya kimya. Mlango wa nyuma nao usiachwe wazi safarini. Moshi wa bomba hurudi ndani, na sumu yake haina harufu.

Upande wa karatasi, mabadiliko ya bodi hupaswa kuonekana katika usajili wa gari TRA. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haimlindi anayebeba mizigo ya watu kwa malipo, na biashara hiyo huhitaji leseni ya LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Mwisho ni faida. Tuseme ugeuzaji umegharimu Sh 300,000 na kila safari inaokoa Sh 20,000 baada ya kutoa mafuta na uchakavu. Fedha hiyo itarudi kwa safari 15. Anayesafiri mara mbili kwa wiki atairudisha ndani ya miezi miwili, lakini anayesafiri mara moja kwa mwezi atasubiri zaidi ya mwaka, na huyo ni afadhali aendelee kukodi.

Vyovyote iwavyo, kiti na bolti zake vihifadhiwe mahali pakavu. Siku ya kuuza gari, mnunuzi wa kwanza kufika huenda akawa mwenye familia.