Mvumo wa Masikio kwa Wapendao Kasida

Miongoni mwa maradhi ambayo mwenye nayo huona haya kuyataja ni mvumo wa masikio. Haumtoi mtu damu wala haumlazi kitandani, na mwenziwe aliyeketi ubavuni mwake hausikii. Mmoja husikia kama nyenje wa usiku, mwengine kama birika la chai lichemkalo. Waarabu wauita tanini, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja katika kitabu chake cha Al-Qanun. Basi si ugonjwa wa leo.

Twaandika habari hii hasa kwa ajili ya wapendao sauti. Katika chuo chetu yupo kijana mpiga dufu, mwenye sauti ya kutamaniwa. Baada ya miaka ya kusimama mbele ya vipaza sauti katika mikesha ya maulidi, masikio yalianza kumlia. Nyumbani kwao wengine walisema ni jini, wengine wakasema anasengenywa. Akaacha kasida, akaacha hata kusikiliza kisomo, akajifungia chumbani atafute kimya. Na huko kwenye kimya ndiko mvumo ulikozidi.

Hiyo ya kusengenywa ni dhana ya watu tu. Ama ile hadithi isemwayo kwamba sikio likilia mtu amsalie Mtume (s.a.w.), kumsalia ni ibada njema wakati wo wote; walakini wanavyuoni wengi wa hadithi wameitia ila, na haifai mgonjwa kuitegemea akaacha kumwendea tabibu.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojiviringa kama konokono, na humo mna chembe za kusikia zenye vijinywele, zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Sauti kali huziharibu, na kwa mwanadamu zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa habari kutoka pale hujikaza kusikiliza, mfano wa mtu azidishaye nguvu ya redio iliyo mbali na stesheni: apatacho ni mvumo tu. Ndiyo maana kimya hakikumfaa kijana wetu. Zipo sababu nyengine pia: uzee, nta iliyoziba, na dawa. Kwinini, na aspirini ikinywewa kwa wingi, huvumisha masikio, na mara nyingi huacha dawa ikiisha. Sindano za gentamisini zaweza kudhuru moja kwa moja. Hata hivyo asiache mtu dawa aliyoandikiwa kabla ya kumwuliza tabibu.

Mvumo huu haukuwaacha mabingwa. Ludwig van Beethoven, Mjerumani, alimwandikia rafiki yake tabibu mwaka 1801 kuwa masikio yake yavuma usiku na mchana. Na mwaka 1824, hali ni kiziwi, alitoa Simfonia yake ya Tisa. Bedřich Smetana wa Bohemia alipata uziwi mwaka 1874, na miaka miwili baadaye aliutia mlio wa sikio lake ndani ya muziki wenyewe, sauti moja nyembamba ya fidla ivutwayo juu ya nyengine. (Hatukusudii kufungua hapa mlango wa ikhtilafu juu ya ala za muziki, twataja yaliyowapata.)

Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitika kuuondoa mvumo. Lakini kuna msaada. Kijana wetu alipelekwa hospitali, akapimwa kusikia, akaambiwa akikimbie kimya: usiku aweke sauti ndogo ya feni au kisomo cha Kurani, isiyozidi mvumo wenyewe. Mwenye kusikia kwa taabu hupewa chombo cha kusaidia kusikia, na mwenye hofu nyingi hufunzwa kuzigeuza fikira zake. Ubongo ukiacha kuuhesabu mvumo kuwa adui, baada ya miezi huanza kuusahau. Naye amerudi kwenye dufu, amekaa mbali na vipaza, na vizibo masikioni. Mvumo anao bado.

Hapa twasema na wenye kusimamia maulidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Ikiwa huna budi kupiga kelele ili akusikie aliye umbali wa mkono, sauti imepita kiasi. Hatuoni ni fahari gani kuwaketisha watoto wa chuo chini ya kipaza sauti mpaka alfajiri! Na vijana wavaao visikilizio vya simu washushe sauti mpaka chini ya thuluthi mbili, na wayapumzishe masikio.

Mvumo wa sikio moja tu, au uendao na mapigo ya moyo, au ufuatanao na kizunguzungu, wataka tabibu bila kukawia. Na aliyeamka asubuhi sikio moja halisikii ghafula aende siku ile ile, kwani dawa yake hufaa zaidi ikianzwa mapema. Wala asitiwe mafuta ya moto sikioni.