Nyota Haizaliwi Mpaka Ipunguze Kasi

Jua hujizungusha mara moja kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake. Mwendo huo wa taratibu uliwasumbua wanaastronomia kwa muda mrefu, kwa sababu hesabu zilionyesha kwamba Jua halikupaswa kuwepo kabisa.

Wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota kama Jua lina upana wa mara milioni mbili hivi ya nyota yenyewe. Huzunguka polepole mno, raundi moja kwa mamilioni ya miaka. Linaposinyaa kwa uzito wake huongeza kasi, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka akikunja mikono kifuani. Upana ukipungua kwa nusu, kasi ya kuzunguka huwa mara nne. Wingu lote likisinyaa hivyo hadi kufikia ukubwa wa Jua, lingezunguka raundi nzima ndani ya dakika chache. Lakini Jua likizunguka raundi moja kwa chini ya saa 3 tu, gesi ya ikweta yake ingechomoka!

Basi mzunguko huo wote, ambao wanafizikia huuita momenta ya mzunguko, huenda wapi?

Sehemu huondolewa mapema na uga wa sumaku: mistari yake hupita katikati ya wingu na kulifunga na gesi ya nje, ikalipunguza kasi. Gesi inayobaki hutulia katika sahani pana kuizunguka nyota changa, na humo ndimo sayari huumbwa. Tazama kwetu: Mshtarii haufikii hata sehemu moja ya elfu ya uzito wa Jua, lakini umebeba zaidi ya nusu ya momenta ya mzunguko ya mfumo mzima.

Gesi ya sahani nayo haiangukii nyota mpaka iachie momenta yake. Mwaka 2017 Chin-Fei Lee wa Taiwan na wenzake waliielekeza ALMA, mtandao wa antena katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye HH 212, nyota changa iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,300 katika Orion. Hurusha michirizi miwili ya gesi, mmoja kila upande. Walipopima mwanga wa silikoni monoksaidi, waliona ubavu mmoja wa mchirizi ukija kwetu na wa pili ukienda mbali. Mchirizi wenyewe unazunguka! Unaondoka na momenta ya ukingo wa ndani wa sahani, na gesi iliyoachwa inapata kuanguka.

Sahani ikiisha, upepo wa nyota, yaani gesi inayopeperuka kutoka kwenye nyota yenyewe, hushika kazi ya kuipunguza kasi polepole. Nyota za Kilimia, zenye umri wa miaka milioni mia moja na kitu, ni changa bado: zile zinazofanana na Jua nyingi huzunguka raundi moja kwa siku chache tu.