Musonoi: kambi ya wafanyakazi ambako Jamaa ilianzia

KOLWEZI – Mwaka 1953, padri Mfransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels, alifika Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa Union Minière. Kitabu chake juu ya mawazo ya Wabantu kilikuwa kimetoka tangu 1945. Lakini hapa alitaka kusikiliza zaidi kuliko kuhubiri: watu wanatamani nini katika maisha yao? Majibu yalijikusanya katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Ndipo Jamaa ikaota mizizi. Mume na mke waliingia pamoja, wote wakaitana baba na mama, bila kujali kabila.

Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962. Viongozi wengine wa Kanisa waliitilia Jamaa mashaka. Hata hivyo, wafanyakazi waliendelea kufundishana kwa Kiswahili chao.