Kitufe Kilichochoka Si Kitufe Kilichokufa

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini akiwa amekumbatia kipakatalishi mithili ya mzazi aliyebeba mtoto mgonjwa. "Daktari, mashine yangu imekufa," aliniambia. Nami, msomaji mpenzi, ni daktari wa fonimu na mofimu tu. Nilipomdadisi, alinionyesha kitufe cha kushoto kilicho chini ya kibao cha mguso, yaani ile sehemu bapa ambapo kidole huteleza kuongoza kishale kwenye skrini. Fundi mmoja mjini alikuwa amemshauri anunue mashine nyingine. Tasnifu ilibakiza wiki tatu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya michezo ya tarakilishi, aliyoinunua mkononi mwa mwenzake kwa sababu ya nguvu zake. Aliitumia kuchanganua sauti za wazee wa Kipokomo katika Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Humo kila mpaka wa konsonanti na irabu hutiwa kwa kubofya, kisha hukokotwa hadi mahali pake. Wacheza michezo aghalabu huchomeka kipanya. Kitufe hiki kilimalizwa na isimu!

Kilichonikera zaidi ni lile neno "imekufa". Sisi walimu wa lugha huwakata wanafunzi alama kwa kitenzi kisichofaa, ilhali kwa fundi tunaridhika na kitenzi kimoja kwa maradhi yote. Chini ya kitufe kuna swichi ndogo yenye kibati chembamba cha umbo la kuba. Ukikibonyeza hubonyea na kuunganisha njia ya umeme, ukasikia "ta", ukiachilia, hujirudi. Baada ya kubonyezwa mara nyingi mno, chuma huchoka. Basi kuna kitufe kinachonata, nacho huenda kimeingiwa na vumbi au chai. Kuna kinachorudia, ukibofya mara moja kikahesabu mbili. Kuna kinachoponyoka, ukikokota kitu kikadondoka njiani. Na kuna kilicholegea, kisicho na mlio wala mrejeo.

Tena lipo la tano, ambalo si ugonjwa wa kitufe hata kidogo. Betri ya lithiamu ikizeeka yaweza kujaa gesi na kuvimba, ikakisukuma kibao cha mguso kutoka chini hata vitufe vikashindwa kubonyea. Ukiona kibao kimeinuka, au mashine inayumba juu ya meza tambarare, izime, usiichaji, usiichokonoe wala kuikandamiza betri. Mpelekee fundi anayeaminika. Hapo anayetia karatasi chini ya kitufe anacheza na moto, wala sisemi kwa istiari.

Ya mwanafunzi wangu haikuwa imevimba. Kitufe kilikuwa kimelegea. Tulianza na huduma ya kwanza: katika mipangilio tuliruhusu kugonga kibao kwa kidole badala ya kubofya. Kwa kukokota tulitumia njia ambayo wengi hawaijui. Katika Windows, ukibonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, kisha ukakubali, tarakimu za upande wa kulia wa kibodi hugeuka kipanya: 5 hubofya, 0 hushikilia, na nukta huachilia. Kipanya cha kuchomeka kingefaa mezani, lakini yeye alikuwa na safari moja zaidi ya kurekodi, na huko meza ni mapaja.

Aliporudi tulitafuta fundi wa pili. Huyu hatukumwambia "imekufa". Tulimwambia kitufe cha kushoto hakina mlio, kibao chenyewe ni kizima, tukamsomea nambari ya modeli iliyo chini ya mashine. Akafungua, akatuonyesha kwamba vitufe vilikuwa juu ya bodi yao ndogo, iliyoungwa kwa utepe mwembamba wa nyaya, mbali na bodi kuu. Alibadilisha bodi hiyo tu. Si kila mashine imeundwa kwa huruma hiyo: katika nyingi za siku hizi kibao kizima ndicho kitufe, na nyingine zimegundishwa hata fundi ana haki ya kusita.

Wanaisimu tumebuni tarakilishi na kipakatalishi, tukajipongeza, tukayaacha matumbo ya mashine bila majina. Anayetengeneza hana neno la kumweleza mwenye mali, na mwenye mali hana neno la kuulizia; kisha tunashangaa mashine nzima ikitupwa kwa ajili ya kibati kidogo kuliko ukucha. Nadhani kamusi ya fundi tungeianza vibandani mwao kabla ya kamati zetu.

Tasnifu iliwasilishwa kwa wakati. Bodi ile kuukuu imo katika mtoto wa meza yangu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huibonyeza, wakasikiliza, kisha nawauliza ni kitenzi gani kinachoifaa.