Sabuni, Baridi na Ngozi ya Mtoto

Kila msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, akina mama wa Lyamkena hutuuliza: mbona watoto wanaogeshwa kila siku na bado ngozi inapauka, inawasha na kupasuka? Wengi hudhani ni uchafu, hivyo huongeza sabuni. Hapo ndipo tatizo linapozidi.

Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo. Kipimo chake, pH, huanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7, chini yake ni tindikali na juu yake ni alikali. Uso wa ngozi ya mtu mzima huwa karibu na 5. Mwaka 1928 wataalamu wa Ujerumani, Schade na Marchionini, waliifananisha hali hiyo na joho linaloivika ngozi. Joho hilo huzuia baadhi ya vijidudu kustawi na husaidia ngozi kutunza unyevu wake.

Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, na pH yake hufika 9 hadi 10, pengine zaidi. Si kosa la mtengenezaji. Ndivyo sabuni ilivyo. Ngozi nzima hujirekebisha baada ya saa chache. Lakini mtoto anayesuguliwa asubuhi na jioni kwa maji ya moto, kisha akapigwa na upepo mkavu wa huku kwetu, hapati nafasi hiyo. Kichanga ndiyo zaidi, kwani ngozi yake huanza ikiwa karibu na 7 na hushuka taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa.

Jambo hili linatugusa sisi wenyewe, maana miradi ya sabuni tunaipenda na wafadhili wanaipenda. Tulifundisha vikundi kupima kostiki na kuacha sabuni ikomae wiki nne. Hatukufundisha kumweleza mnunuzi kwamba ya kufulia si ya kumwogeshea mtoto.

Sasa tunaelekeza hivi: maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, tena sehemu zinazochafuka tu, kisha mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevunyevu. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula kubaki palepale! Wala mtu asijipake ndimu akisema anarudisha tindikali; ndimu ina pH ya karibu 2, nayo huunguza. Mikorogo yenye zebaki ni sumu, na imepigwa marufuku nchini. Ngozi ikitoa usaha, mtoto apelekwe zahanati.

Kikundi cha Lyamkena kimekubali kuandika "YA KUFULIA" kwenye kila kipande. Wanahofia wateja watapungua, na hofu hiyo tunaielewa. Tunaziomba kamati za sharika zilitangaze jambo hili kabla ya Juni.