Kutu, Mavi ya Chuma na Magamba ya Moto

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya uhunzi: tunayo fuawe, koleo, mivukuto, na pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kiasi. Lakini liko jambo moja lisilo na jina lililothibiti, na kwa sababu hiyo mafundisho hupotoka.

Tuchukue mfano wa mhunzi wa Magoma, chini ya milima ya Usambara, afuaye sime kwa springi ya gari. Huichoma hata ikawa nyekundu, kisha huitumbukiza majini ipate ugumu. Aitoapo, huiona ina ganda jeusi la kubanduka. Ganda hili tuliiteje?

Tukiliita kutu, tutakosea. Kutu huletwa na maji pamoja na hewa, polepole, pasipo moto, na mafuta huizuia. Tukiliita mavi ya chuma, tutakosea pia, kwa kuwa hayo ni takataka zitokazo katika mawe wakati wa kutoa chuma. Ganda letu hufanyika oksijeni ya hewa ishikanapo na chuma motoni. Joto likipita digrii 570 za Selsiasi huwa na matabaka matatu, la ndani likiwa nene kuliko yote.

Kosa la jina huzaa kosa la kazi. Aambiwaye ni kutu hutafuta mafuta, nayo huungua bure. Kumbe hewa ile ile huondoa na kaboni iliyo karibu na uso wa pua, hata ngozi ya juu ikabaki laini ingawa ndani ni kugumu. Ndipo tupa hukwaruza kwa urahisi, na makali hupinda.

Dawa ni kuinyima pua hewa: ifukiwe katika makaa mengi, mivukuto ipunguzwe, wala isikae motoni kupita haja. Wengine huipaka udongo. Viwanda vikubwa hutumia nitrojeni, au tanuri lililoondolewa hewa. Ngozi laini ikiwapo, hapana budi iondolewe kwa kunoa.

Hata hivyo oksijeni si adui siku zote. Sime iliyosuguliwa ikirudishwa penye moto wa kadiri, hupata rangi ya majani makavu karibu na digrii 230, na ya samawati karibu na 300. Rangi hizo ni utando mwembamba wa namna ile ile, nazo humwonyesha mhunzi kadiri ugumu ulivyopunguzwa.

Kwa hiyo nashauri ganda nene liitwe magamba ya moto, na lile jembamba utando wa moto. Jina likitaja moto, fundi atajua pa kutafuta dawa.