Je, Wajua? Mbuzi na Sisi

Je, wajua kwamba mbuzi choma unayokula mtaani Mowlem, Nairobi, huenda ilianza safari Moyale? Mbuzi wengi wanaochinjwa Kiamaiko, kule Huruma, huletwa kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo na Moyale, na Waborana wa maeneo hayo wana mizizi mirefu katika biashara hiyo ya mbuzi.

Ukimkuta mbuzi amefungwa kando ya barabara, mwangalie machoni. Mboni yake imelala kama tundu la kutumbukizia sarafu. Kwa umbo hilo huona mbali pembeni, kwa hiyo si rahisi kumvizia hata akiwa ameinamia majani.

Kwa Wakikuyu, ndoa ya kimila hukamilika kwa mbuzi. Siku hiyo ya kukamilisha ndoa, iitwayo ngurario, bwana harusi hukata kiande, yaani mguu wa mbele pamoja na bega, akampa mkewe mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ni heshima kubwa kwa mnyama mdogo hivyo.

Mbuzi dume naye, beberu, ameingia hadi kwenye siasa: wapigania uhuru walimbandika mkoloni jina hilo, na leo wanafunzi wetu husoma habari za ubeberu darasani.